InterPro darasani: hutaja ukoo wa protini, kazi yake utaitafuta mwenyewe

Kwa muhula mzima nimeitumia InterPro, huduma ya bure ya kutambua domeni za protini (vipande vya protini vyenye umbo na kazi yake) inayotolewa na EMBL-EBI, taasisi ya data za baiolojia iliyoko Hinxton, Uingereza, kufundishia darasa dogo la baiolojia ya molekuli hapa Nyegezi, Mwanza. Data za Pfam, hifadhidata ya koo za protini, nazo zinapatikana humo, tangu tovuti yake yenyewe ilipofungwa mwaka 2023.

Tulianza na VopS, protini ya amino asidi 387 ambayo Vibrio parahaemolyticus, bakteria wa maji ya bahari (si wa ziwa letu, ilibidi nimtulize mwanafunzi aliyekuwa ametoka kula sato Mwaloni Kirumba), huisukuma ndani ya seli za binadamu. Tulibandika mfuatano wake wa amino asidi, na chai haijapoa, mistari ya rangi ikawa imejipanga: kuelekea mwisho wa protini paliandikwa Fido, ukoo unaojumuisha domeni ya Fic. Domeni hiyo huchukua AMP, kipande cha ATP (molekuli ya nishati ya seli), na kuipachika kwenye threonini (aina ya amino asidi) moja ya Rac1 au Cdc42, protini ambazo seli imekwisha kuziunda. Zikishapachikwa, haziwezi tena kupeleka ishara, na kiunzi cha seli huporomoka.

Hadi hapo sina la kulalamikia. Lakini tulipoingiza Doc, protini ya virusi P1 vinavyoshambulia bakteria, jina lilikuwa lile lile, ilhali Doc haipachiki AMP bali hupachika fosfeti kwenye EF-Tu, protini inayosaidia bakteria kuunda protini nyingine, na kusimamisha uundaji wa protini. AnkX, protini ya bakteria Legionella ambayo nayo ina domeni ya Fic, hupachika kemikali nyingine, fosfokolini, kwenye Rab1, protini ya seli iliyoshambuliwa. Tofauti ya Doc inaonekana kwa macho ukiulinganisha mfuatano wake na ule wa kawaida wa domeni ya Fic, HPFxxGNGR (kila herufi ni amino asidi moja: H ni histidini, G ni glisini, na x ni yoyote): pale penye glisini ya pili, Doc ina laisini. Histidini inayoanza mfuatano huo ndiyo roho ya kazi. Katika VopS ni ya 348, na ikibadilishwa kuwa alanini, upachikaji hukoma.

Mwenye bando dogo asiogope, kwa kuwa matokeo mengi ni maandishi na mistari. Picha za muundo wa pande tatu ndizo nzito, nami huzifungua alfajiri. Nitaendelea kuitumia, ila sitasahihisha tena daftari lililoandikwa “Fido” peke yake, bila herufi zile tisa pembeni.