Alainimenti imefanywa, gari bado linavuta: huduma niliyopata Changamwe

Gari langu, Toyota Fielder, lilifanyiwa alainimenti, yaani kurekebishwa pembe za magurudumu, kwenye gereji ya mashine za kisasa upande wa Nyali, hapa Mombasa. Nikapewa karatasi, namba zote za kijani, na usukani kweli umenyooka. Lakini nikishika barabara ya Malindi na kulegeza mikono, gari linakimbilia kushoto. Niliporudi kulalamika, nikaambiwa ni barabara.

Barabara zetu huinamishwa kidogo pembeni ili maji ya mvua yashuke, na kwa kuwa twaendesha kushoto, gari kusogea taratibu upande huo si ugonjwa. Lakini langu lilivuta hata kwenye uwanja tambarare, na nikifika Mtwapa bega linauma.

Fundi wa Changamwe hakukimbilia mashine. Alianza kwa kupima upepo wa tairi zote zikiwa bado baridi. Kisha tukaenda pamoja hadi Miritini na kurudi, na aliposhuka tu akasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kulia, halafu ya kushoto.

"Bwana, joto ni sawa. Breki haijashika."

Akanieleza kwamba chumvi ya pwani hula pini za kalipa, kile kifaa kinachobana breki, breki ikakwama upande mmoja, watu wakailaumu alainimenti. Akapiga jeki, akayatikisa magurudumu, akakagua boshi na bolijointi, vile viungio vinavyoshikilia magurudumu. Vyote vizima.

Hapo ndipo akazibadilisha tairi za mbele, ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto ikaja kulia. Tukatoka tena. Gari likavuta kulia!

Basi shida ilikuwa tairi. Mikanda ya chuma iliyomo ndani ikikaa vibaya tangu kiwandani, tairi huviringika kama kikombe kilicholazwa mezani, ambacho hukata kona kuelekea upande wake mwembamba. Kwa macho huoni kitu, na mashine ya alainimenti haiwezi kukuambia, maana yenyewe hupima pembe za magurudumu tu. Lau gari lingeendelea kuvuta kushoto, alisema, angerudi kwenye pembe za alainimenti: kemba, yaani mlalo wa gurudumu lenyewe, na kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hukatia kona. Na kama tairi zako zina mshale wa mzunguko, mabadilishano hayo ni ya kujaribia tu, kisha zirudishwe.

Tairi ile ameihamishia nyuma, ambako haina nguvu kubwa ya kuvuta gari. Sasa natoka Makupa hadi Mtwapa kwa vidole viwili.

Ubaya wa pale ni kwamba hakuna kivuli, na malori ya bandarini yanaweza kukufungia njia ukasubiri sana. Pia hana mashine, kwa hiyo ukihitaji alainimenti yenyewe itabidi uende kwingine. Lakini yeye amelijaribu gari langu barabarani kabla na baada ya kazi, jambo ambalo kule Nyali hakuna aliyelifanya, na kwangu hilo lina uzito kuliko karatasi ya kijani. Nitampelekea na gari la mke wangu.