Bagi za Mchangani: Polaris RZR Pro R, Can-Am Maverick R na Wenzao Juu ya Matuta

Mchanga mkavu hauwezi kusimama zaidi ya mwinuko wa nyuzi 32 hadi 34 hivi. Ukizidi hapo hujimwaga wenyewe. Ndiyo sababu tuta la jangwani huwa na nyuso mbili zisizofanana: ule unaopokea upepo hupanda taratibu na mchanga wake umeshindiliwa, na ule wa nyuma huporomoka ghafla ukiwa mlegevu kabisa. Anayepanda kwa bagi, yaani gari dogo la wazi la kukimbizia mchangani, akipunguza mwendo kabla ya kufika mgongoni, magurudumu huchimba na gari likazama. Akizidisha, huruka mgongo bila kujua kilichopo upande wa pili. Kwa hiyo ninapolinganisha bagi hizi zenye viti viwili vilivyokaa sambamba na injini kubwa nyuma yake, sianzi na nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, bali naanza na muda unaopita kati ya mguu kukanyaga mafuta na tairi kuitikia.

Kwa kipimo hicho, RZR Pro R, ambayo Polaris iliiingiza sokoni kama toleo la 2022, bado ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza matutani. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa lita 2, haina turbo, na hutoa nguvu za farasi 225. Kukosa turbo, jambo ambalo wengi walilishangaa ilipotoka, ndiko kunakoipa ubora wake mchangani, kwa kuwa turbo husubiri moshi wa kutosha uizungushe kabla haijasukuma hewa, ilhali injini kubwa inayovuta hewa yenyewe huitikia palepale na kwa kiasi kilekile ulichokanyaga. Dereva aliyekaribia mgongo wa tuta, akaachia mafuta kidogo ili achungulie, kisha akahitaji msukumo mdogo wa kumvusha, huupata msukumo huo bila kukisia. Hilo dogo ndilo linaloamua kama utavuka au utaanza kurudi chini kinyumenyume.

Can-Am ilijibu mwaka 2023 kwa Maverick R, na jibu lenyewe si la kupuuzwa. Injini yake ni ndogo kwa nusu, silinda tatu na ujazo wa sentimita za ujazo 999, lakini kwa msaada wa turbo hufikisha nguvu za farasi 240. Msukumo wake, turbo ikishaamka, ni mkali kuliko wa Pro R, na katika uwanda mrefu wa mchanga ulio wazi tofauti hiyo huonekana. Kusema kwamba turbo yake inachelewa vibaya itakuwa kuionea, maana uchelewaji ni mdogo mno ukilinganishwa na injini za turbo za zamani. Hata hivyo upo, na mtu anayependa kuteleza kwenye mabonde membamba kati ya tuta na tuta, akikanyaga na kuachia mafuta kila baada ya sekunde chache, atauhisi mguuni.

Mahali ambapo Maverick R inashinda bila ubishi ni kwenye giaboksi. Pro R, kama ilivyo kwa bagi nyingi za aina hii, hupeleka nguvu kwa mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Mfumo huo ni mwepisi na hauna mshtuko wa kubadilisha gia, lakini mkanda ukiteleza hutoa joto, na mchanga mzito ndio unaoulazimisha kuteleza. Niliwahi kukatikiwa na mkanda katikati ya mpando, katika bagi ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa lilikuwa langu: nilijaribu kujinasua mchangani nikiwa katika gia ya kasi badala ya gia ya nguvu, nikakanyaga mafuta huku gari limekwama. Kubadilisha mkanda kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nyuzi za ule uliokatika zilikuwa zimejisokota kwenye puli na zililazimika kutolewa zote. Mwenye bagi ya mkanda asitoke bila mkanda wa akiba, na baada ya mpando mkali aiache injini iungurume kidogo ili feni ipoze sanduku la mkanda kabla ya kuzima.

Maverick R haina mkanda huo kabisa. Ina gia saba na klachi mbili, moja ikiishika gia inayotumika na nyingine ikiwa imeshaandaa inayofuata, hivyo gia hubadilika bila mvuto kukatika. Honda ilitangulia kutumia klachi mbili katika Talon 1000 ya mwaka 2019, yenye gia sita, na mfumo ulifanya kazi vizuri. Tatizo la Talon mchangani ni kwamba injini yake haina nguvu ya kushindana na hizi kubwa. Kawasaki Teryx KRX 1000 iko katika hali hiyohiyo: chesisi imara, shokapu nzuri, lakini kwenye tuta refu utatamani injini nyingine.

Yamaha YXZ1000R inastahili neno refu kidogo, kwa kuwa hakuna bagi inayofurahisha kuendesha kama hiyo. Ilitoka kama toleo la 2016 ikiwa na injini ya silinda tatu inayozunguka hadi zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na gia tano za kubadilisha kwa mkono. Sauti yake peke yake humfanya mtu atabasamu. Lakini mchanga hauna subira: ukikanyaga klachi kubadilisha gia katikati ya mpando, mchanga hulishika gari mara moja, na ukiingiza gia ya juu injini huwa imeshashuka chini ya kiwango chake cha nguvu. Anayeijua vyema huchagua gia chini ya tuta na kuishikilia hadi juu. Kwa mgeni wa mchanga singemshauri aanze na hiyo.

Kuna hali moja inayogeuza hesabu yangu juu ya turbo, nayo ni mwinuko wa nchi. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa huwa nyepesi, wakati turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Matuta yaliyo juu sana yatainyang'anya Pro R sehemu kubwa ya kile nilichoisifia, na mtu anayeendesha huko anunue Maverick R bila kusitasita.

Upana nao si jambo la urembo. Maverick R ina upana wa sentimita 196 hivi, Pro R 188, na YXZ takribani 163. Unapokata ubavu wa tuta kwa mshazari, gari pana hukataa kupinduka pale ambapo jembamba limeshainua magurudumu mawili. Matoleo marefu ya viti vinne hutulia zaidi kwenye mawimbi mafupi ya mchanga, lakini juu ya mgongo mkali tumbo hukaa juu ya mchanga na magurudumu yote hubaki yakizunguka hewani. Mwenye viti vinne hujifunza haraka kuvuka mgongo kwa pembe.

Wengine hupenda kuyaamua haya kwa matokeo ya mbio za jangwani za Dakar, zinazofanyika Saudia tangu 2020. Can-Am ilishinda kundi la bagi hizi kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2023, kisha Xavier de Soultrait akaligeuza 2024 kwa RZR Pro R, na Brock Heger akafuata 2025 kwa gari la aina hiyohiyo. Naona fahari ya watengenezaji katika hilo, ila mbio za wiki mbili hupima zaidi uvumilivu na ufundi wa timu kuliko furaha ya mtu anayecheza matutani jioni moja.

Vyovyote utakavyochagua, matairi ya kiwandani ni ya mawe na udongo. Mchangani, punguza upepo angalau, au funga matairi ya makasia, yaani yenye mapezi ya kuchota mchanga, nyuma na yenye ukingo mmoja wa katikati mbele. Hakikisha kipenyo cha mbele na cha nyuma kinalingana kama unatumia mvuto wa magurudumu manne, vinginevyo difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, itakuwa inapigana na yenyewe.

Kwa mwenye mfuko mfupi, Can-Am Maverick X3 iliyotumika ndiyo biashara bora zaidi. Ilianza na nguvu za farasi 154 katika toleo la 2017 na ikapandishwa hatua kwa hatua hadi 200 katika lile la 2021, kwa hiyo uliza mwaka kabla ya kuuliza bei. Kisha mwombe muuzaji afungue sanduku la kichujio cha hewa, upitishe kidole ndani ya bomba upande wa injini, yaani baada ya kichujio. Kidole kikitoka na chembe za mchanga, pistoni na turbo zimekwisha kuzionja, nawe rudisha kifuniko umshukuru kwa muda wake.