Kutalii Dodoma na Kolo kwa msaada wa mwenyeji: uzoefu wangu na huduma niliyoilipia

Watu wengi nikiwatajia Dodoma huuliza kuna nini cha kuona kule zaidi ya vumbi na wizara. Kipo, tena kingi, ila Dodoma haimfai mtu wa kujiendea tu. Unaweza kufika ukakuta Bunge limeahirishwa, zabibu bado mbichi, na mnada ulikuwa jana. Ndiyo maana naandika kuhusu vijana tuliowalipa watupangie ziara na kutuendesha. Sehemu kubwa ya kazi yao waliifanya kabla hatujakanyaga mjini, na hiyo ndiyo naisifia kuliko yote.

Nilikuwa nampeleka baba. Ni mtumishi wa umma mstaafu, na habari za serikali kuhamia Dodoma amezisikia maisha yake yote ya kazi. TANU, chama tawala cha wakati ule, iliamua mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo, wataalamu kutoka Kanada wakachora ramani ya mji, lakini ofisi ya baba ikabaki Dar es Salaam hadi siku anaagwa. Serikali ilipoanza kuhama kwelikweli mwaka 2016, yeye alikuwa ameshastaafu. Alitaka auone huo mji kwa macho yake.

Nilielekezwa kwa vijana hawa na mwalimu mwenzangu. Nilipowapigia nilikuwa nimepanga twende Julai. Aliyepokea simu hakunikubalia haraka haraka ili achukue hela. Akaniambia, "Dada, Julai tutakupokea, lakini Bunge la bajeti linaisha mwisho wa Juni, kwa hiyo mzee ataona geti tu. Kama unaweza, sogeza mpaka mkutano wa Septemba, na zabibu zitakuwa zinavunwa." Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari hadi Machi, halafu tena karibu na Agosti na Septemba. Nikasogeza hadi likizo yetu fupi. Baada ya hapo alinitumia ujumbe ulioandikwa vizuri: bei inahusu gari, mafuta, dereva na viingilio, chakula na malazi juu yetu, nusu tunatanguliza, nusu tunamalizia siku ya mwisho. Hakuna shilingi iliyoongezeka njiani. Kwa biashara ya kutalii hapa kwetu, ambapo "mafuta yamepanda" huja ukiwa tayari umeshapanda gari, hilo ni jambo kubwa.

Tulipanda treni ya SGR, ile mpya ya umeme, kutoka Dar es Salaam. Daraja la kawaida tulilipa 31,000 kwa mtu, na safari ni chini ya saa nne. Fika stesheni mapema, kuna ukaguzi wa mizigo, na usisahau kitambulisho. Ukimsafirisha mzee, sioni sababu ya kumkalisha kwenye basi mchana kutwa. Omba kiti cha dirishani. Baada ya Morogoro unaingia kwenye milima ya Kilosa na mahandaki yake, kisha nchi inakauka taratibu mpaka inabaki mibuyu na miiba. Reli ya kwanza ya huku, ile ya Mjerumani, ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji wenyewe ulikua kuizunguka.

Malazi ndiyo yaliyonikera. Nyumba ya wageni niliyokuwa nimethibitisha kwa simu ilituambia mapokezini kwamba chumba kimoja kimeshapewa mtu mwingine, na kilichobaki bei imepanda. Vikao vya Bunge vikianza, mji hujaa wabunge, maofisa, madereva na waandishi, na wenye vyumba wanalijua hilo. Dereva wetu hakuondoka kutuacha pale na mabegi. Alipiga simu mbili tatu, akatupeleka mtaa wa Area C kwenye nyumba safi yenye maji ya moto, kwa bei ileile ya awali. Ukienda wakati wa Bunge, lipia chumba kabisa na upate risiti. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Alhamisi tulikwenda bungeni. Vijana wetu walishachukua majina yetu na namba za vitambulisho vya taifa, NIDA, mapema, wakashughulikia maombi ya kuingia. Vaa nguo ya heshima, simu inabaki getini. Wamechagua Alhamisi kwa makusudi, kwa sababu ndiyo siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Ukiwa jukwaa la wageni hupigi makofi wala husemi neno. Wabunge ndio wanaogonga meza. Wageni wakatangazwa, makundi ya wanafunzi yakawa yanasimama na kukaa. Baba alikaa ameegemea mbele muda wote, mikono juu ya magoti, akimfuatilia kila anayeinuka kana kwamba ataulizwa swali la nyongeza yeye.

Mchana tulizunguka mjini: uwanja wa Nyerere Square wenye sanamu ya Mwalimu, na Msikiti wa Gaddafi. Haya hayachukui muda, na sishauri mtu ayatengee siku nzima. Kilichonigusa ni Mtumba, Mji wa Serikali, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Hapo baba alianza kusoma vibao vya wizara kimoja kimoja kwa sauti. Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa. Kibao cha wizara yake kilipofika, akasimamisha gari kabisa, akasema, "Mzee, tuko hapa, chukua muda wako." Baba alishuka, akatazama jengo lile jipya, akauliza masijala iko ghorofa ya ngapi. Kijana hakujua, akaenda kumuuliza mlinzi. Huduma ya namna hiyo huwezi kuiandika kwenye orodha ya bei.

Ijumaa ilikuwa ya Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani. Kama una siku moja tu ya ziada Dodoma, usiimalize mjini, nenda Kolo. Ni barabara ya lami ya kwenda Babati, unapita Kondoa mjini, halafu kama kilomita 25 mbele unafika kijiji cha Kolo, ilipo ofisi ya mambo ya kale. Tuliondoka saa 12 asubuhi, na hilo lilikuwa sahihi. Hapo ofisini unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji wa eneo. Hata kama umekuja na dereva anayejua njia, huingii bila huyo. Kutoka Kolo unaacha lami, na gari dogo halifai. Vijana wetu walibadilisha gari wenyewe usiku uliotangulia.

Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ni miamba zaidi ya 150 iliyotawanyika kwenye ukingo wa bonde, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliifanyia kazi kubwa ya kuinakili mwaka 1951. Sasa weka vitabu pembeni, simama chini ya jabali. Mwanzoni huoni kitu, ni ukuta tu wenye mabaka. Mwongozaji akanyoosha kijiti, bila kugusa, akafuata mstari mmoja mwekundu wa rangi ya udongo. Ghafla kuna shingo ya twiga. Pembeni yake watu warefu wembamba mno, wenye vichwa vikubwa vya ajabu, mmoja ameinama, mwingine amenyoosha mkono. Ukishaona mmoja, macho yanafunguka, unaanza kuwaona wengine wenyewe. Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, kazi ya wawindaji, na ile minene myeupe ilikuja baadaye. Kuhusu umri wataalamu bado wanabishana.

Mahali panaitwa Mungomi wa Kolo, na Warangi, wenyeji wa Kondoa, bado hufika hapo kwa matambiko. Mwongozaji alituomba tuzungumze kwa sauti ya chini, baba akavua kofia. Kuna jambo liliniumiza. Chini ya jabali kuna mashimo yaliyochimbwa na watu wanaotafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Mjerumani, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wageni nao walishawahi kuimwagia maji michoro ili ing'ae kwenye picha, na maji yanaimaliza. Tafadhali, ukienda, usiguse wala usimwagie chochote. Piga picha kama ilivyo.

Hapo pia ndipo nina lawama yangu kwa vijana hawa. Kuna kipande cha kupanda mlima chenye mawe, chenye mteremko mkali, na hawakunitajia wakati wa kupanga, ingawa walijua nakuja na mzee. Baba alifika kwa taratibu, kwa fimbo aliyokatiwa na dereva, na kwa kupumzika kila baada ya hatua chache. Lakini mwenye magoti mabovu angeishia kukaa garini. Wanapaswa kulisema siku ya kwanza.

Jumamosi asubuhi tulikwenda njia ya Iringa, upande wa Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki walianza kupanda mizabibu zamani. Tuliingia shamba la mkulima mdogo. Mizabibu imetandazwa juu ya waya uliofungwa kwenye nguzo, mashada yananing'inia chini ya majani, na wavunaji wanakata kwa mkasi na kupanga kwenye kreti, siyo kutupia. Mkulima alimwambia baba kwamba shida yake kubwa ni soko: zabibu haisubiri, mnunuzi akichelewa siku chache mzigo unaharibika. Tulinunua pale pale shambani, na ninakuomba nawe ununue hapo.

Mchana ukawa wa mnada wa Msalato. Nyama inachomwa mbele yako, unachagua kipande mwenyewe, inakatwa juu ya gogo na kuletwa na chumvi na pilipili. Kula saa saba, kabla umati haujawa mkubwa. Beba jaketi kwa ajili ya jioni, maana upepo wa Dodoma miezi hiyo ni wa baridi, na kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya vumbi.

Walitaka kutuchomekea Kongwa saa za mwisho kabla ya treni, nikakataa. Kongwa ilikuwa kwenye mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukashindwa vibaya, na miaka ya 1960 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na kwingineko. Samora Machel alikuwepo pale. Sehemu kama hiyo haipitwi kwa nusu saa dirishani. Nimewaandikia wapange siku kamili ya Kongwa, na wamenijibu kwamba wanatafuta mzee wa pale anayezijua habari za kambi. Wakimpata, nitawalipa tena.