Bunduki ya safari ya kwanza ya preri dogi: nunua ipi, ipi uiache dukani

Ikikaribia mwezi wa sita hivi mambo huwa ni yale yale, mtu yuko zake Omaha au Sioux Falls au Denver, jamaa wa kazini kamwambia twende South Dakota tukapige preri dogi, basi anaingia dukani anatoka na bunduki ya dola elfu mbili ambayo risasi zake ukifika kule vijijini huzipati. Nimezipanga hapa kuanzia ya kununua mpaka ya kuachana nayo, kwa mtu anayeenda mara ya kwanza, sio kwa wale wazee wanaojitengenezea risasi wenyewe gereji.

Kwa asiyemjua, preri dogi ni wa jamii ya kindi, anachimba mashimo na kuishi kwa makundi makubwa kwenye nyika za South Dakota, Wyoming, Montana na huko jirani. Ana uzito wa kilo moja hivi, akisimama wima juu ya tuta la shimo lake ni kama chupa ya maji ya lita moja na nusu. Wafugaji wengi hawampendi kwa sababu anamaliza majani ya ng'ombe. Sasa hiyo chupa iweke yadi 200, halafu weka na upepo wa kule ambao haupumziki, ndio utaelewa kwa nini uchaguzi wa bunduki una maana.

Ila kabla ya hela, makaratasi. Mwenye grini kadi ananunua kama raia, anajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununua bunduki, dukani wanamchekia rekodi yake basi. Aliyeko kwa viza ya muda (mwanafunzi, mtalii, wa kazi) sheria ya shirikisho inamkataza hata kuishika bunduki, isipokuwa awe kwenye misamaha iliyoandikwa, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Wasio na makaratasi wasiguse kabisa, hata ya kuazima, hata kwa picha tu, hiyo ni kesi ya jela na kurudishwa nyumbani. Kama hujui uko fungu gani ongea na mwanasheria, usimuulize muuza duka.

Namba moja: .223 Remington ya bolti

Hapa sizunguki. .223 ni kaliba, yaani saizi ya risasi, na ya bolti ni bunduki ambayo unavuta komeo kwa mkono kwa kila risasi. Kaliba hii ipo tangu miaka ya 1960, risasi zake zipo mpaka maduka ya vifaa vya shamba kwenye vimji vidogo, na kikubwa zaidi ni hesabu. Kwenye kijiji cha preri dogi (hivyo ndivyo tunavyoita eneo lenye mashimo yao mengi) mtu anapiga risasi 300 kwa siku bila kujijua, wengine 500. Risasi nzuri ya .223 ya kazi hii inacheza kwenye dola moja hivi, kwa hiyo siku moja ni dola 300, mbili ni 600, hapo hujalipa hoteli wala mafuta. Ukichukua kaliba ya dola mbili kwa risasi unaona mwenyewe inavyokwenda.

Faida ya pili watu hawaisemi sana: teke lake ni dogo, unapiga na bado unaona kupitia skopu (darubini ya bunduki) vumbi limeruka wapi. Ukiona imeenda kushoto nusu mkono unasogeza unapiga tena, yaani unajifundisha upepo hapo hapo bila kumsubiri mwenzako akuambie.

Ruger American na Savage Axis zinatosha kabisa kwa kuanzia, ukiwa na nafasi zaidi Tikka T3x, bolti yake inateleza vizuri mno na ukishaivuta mara mia mbili utaelewa hela ilienda wapi. Chukua mtutu mzito kidogo kama upo. Mtutu mwembamba ukipiga 15 au 20 mfululizo ukiugusa unatoa mkono mwenyewe, na kwenye skopu unaona hewa inachezacheza juu ya mtutu, hapo risasi zinaanza kwenda zinakotaka zenyewe. Fungua bolti, iache wazi, kunywa maji. AR-15 ya .223, ile inayojijaza risasi yenyewe, nayo inafanya kazi, ila kwa mgeni inakula risasi haraka na joto linapanda haraka.

Risasi chukua za uzito mdogo, yaani greni 50 au 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), zinaelewana na karibu mitutu yote ya .223. Ziwe zenye ncha ya plastiki za kupasuka, Hornady V-Max, Nosler Ballistic Tip, Sierra BlitzKing, yoyote katika hizo. Zile za bei poa za mazoezi zilizofunikwa shaba yote usilete, zinagonga jiwe zinaruka na kwenda zake, na nyuma ya kijiji cha preri dogi mara nyingi kuna ng'ombe wa mtu. Na risasi iliyoandikwa 5.56 usiiweke kwenye bunduki iliyoandikwa .223 peke yake hata kama inaingia, inaweza kuzidisha presha.

Namba mbili: .17 HMR

Hii ilikuja 2002, ni ndogo, haina kelele nyingi, na risasi yake ni chini ya nusu ya bei ya .223. Asubuhi upepo haujaamka, ndani ya yadi 150, ni raha tupu, na kwa sababu haipigi kelele sana preri dogi wanarudi juu haraka. Shida ni kwamba risasi ni ya greni 17 tu, upepo wa maili 10 kwa saa unaihamisha kama sentimita 40 ukifika yadi 200, na kule maili 10 ni upepo wa upole. Kwa hiyo kama una hela ya bunduki moja nunua .223, kama una ya mbili hii ndio ya pili, unapiga nayo wakati ile kubwa inapoa. CZ 457 ni tamu, Savage ni nafuu.

Tatu na nne: .204 Ruger na .22-250

Nimezifunga pamoja maana hoja ni moja. Zote zina kasi ya ajabu, .204 yenye greni 32 inatangazwa kwa futi 4,225 kwa sekunde, na yadi 300 zinakwenda karibu mstari mnyoofu. Lakini risasi ni ghali, madukani hazijai kama .223, na .22-250 inapasha mtutu moto na kuula mapema. Ni bunduki ya safari ya tatu, ukishajua kama mchezo huu unaupenda.

Tano: .22 ya kawaida

Kama unayo nyumbani ibebe, ya walioko yadi 70 hivi. Usiinunue kwa safari hii, ni ya polepole na inaruka sana ikigonga ardhi ngumu.

Za kuacha: .243 na 6.5 Creedmoor. Ni nzuri kwa swala wa kule, ila kwa risasi 300 kwa siku bega litakuchukia na mfuko pia.

Kwenye hela iliyobaki, skopu ya 4-16 au 6-18 (yaani inakuza mara 4 hadi 16, au 6 hadi 18) inatosha, mchana jua likiwaka ukikuza sana unaona mawimbi ya joto tu. Kinachosahaulika ni meza ya kupigia, ile ya kukunja inayozunguka na kiti chake, pamoja na mifuko ya mchanga, maana kulala kifudifudi kwa masaa sita kwenye nyasi zenye cactus hutaweza. Na vizuia kelele vya masikio, hilo halina mjadala.

Kama ni kwenda mara moja tu, uliza waongozaji, baadhi yao wanakodisha bunduki na meza, huna haja ya kununua kitu.

South Dakota mgeni anahitaji leseni ya jimbo, na kwenye ardhi ya makabila kama Rosebud unahitaji kibali cha kabila lenyewe. Conata Basin, ndani ya nyika ya serikali ya Buffalo Gap, imefungwa kwa uwindaji huu kwa sababu ya fereti wa miguu myeusi, kale kanyama adimu kanakoishi kwa kula preri dogi. Bundi wadogo wanaokaa mashimoni nao wanalindwa, hakikisha unachokilenga sio bundi.

Waliokufa usiwashike kwa mkono, viroboto wao wanaweza kubeba tauni, ile ile ya kwenye historia. Buti ndefu, dawa ya wadudu kwenye suruali, na mkono usiingize shimoni kwa sababu yoyote, nyoka wa kule wanalala humo. Tai nao wanakuja kula mizoga, kwa hiyo ukiweza kumudu chukua risasi zisizo na risasi ya madini, yaani zisizo na ledi, kama Barnes Varmint Grenade, bei iko juu ila zipo za .223.

Na mwenye ranchi mpigie mapema, wengine wanatoza kwa kila bunduki kwa siku. Muulize kama bei hiyo ni pamoja na mtu wa kukuonyesha mipaka, kwa sababu senyenge za kule hazisemi shamba ni la nani.