Siku 8 Misri, nchi kavu na meli ya Nile: hela yangu imeenda wapi?

Haya jamani, karibuni tena. Leo si simu wala blenda, leo nachambua safari. Kifurushi cha siku 8 Misri: Cairo siku mbili, ndege hadi Luxor, kisha meli usiku nne kwenye Nile mpaka Aswan, na hekalu la Abu Simbel kwa gari. Nimelipa kwa hela yangu, hakuna aliyenidhamini. Kampuni siitaji, maana vifurushi hivi ni vilevile, kinachobadilika ni rangi ya kipeperushi tu.

Mwenye haraka achukue jibu aende zake: safari ya mto nunua, ratiba ya meli usiikubali yote. Wengine tukae.

Cairo sitakaa sana. Piramidi ya Khufu mnaijua, ilikuwa na mita 146 hivi ilipojengwa. Vitu vya farao Tutankhamun sasa viko kwenye jumba kubwa jipya la makumbusho pale Giza. Lipe siku nzima. Mimi nilipewa saa tatu, nikatoka nakimbia na soksi zimelowa jasho.

Tuje kwenye meli. Ni hoteli inayoelea: ghorofa nne, bwawa dogo juu ya sitaha, chakula mara tatu, na chumba chenye dirisha zima la ukuta. Dirisha hilo ndilo lililoniuza. Sasa tazameni, hii nilirekodi asubuhi ya kwanza pale Luxor. Navuta pazia… mnaona nini? Pazia la jirani! Meli gatini zinafungwa ubavu kwa ubavu, nne, tano. Ukitoka nchi kavu unapita kwenye ukumbi wa meli ya watu, asalaam aleikum, unaingia wa pili, asalaam aleikum, ndipo ufike kwenu. Jenereta zinanguruma usiku kucha na harufu ya dizeli inaingia chumbani.

Kero yangu kubwa lakini ni Edfu, kituo cha njiani kati ya Luxor na Aswan. Hekalu la Horus, mungu wao wa kale, lilijengwa kati ya 237 na 57 KK, na mpaka leo lina paa, kwa hiyo ukiingia ndani giza linakupokea vilevile lilivyowapokea makuhani. Ukiwa peke yako, yaani. Meli zote zinafika pamoja. Alfajiri mnamwagwa gatini, mnapakiwa kwenye magari ya farasi, mnashushwa mlangoni kundi zima la mji. Nilipata saa moja na dakika tano, nusu yake nikiangalia kisogo cha babu mmoja aliyebeba mwavuli. Mwongoza watalii wetu alikuwa hodari, ila saa ilikuwa mkononi mwake muda wote.

Kwa nini basi nasema mto nunua? Kwa sababu ya saa zile meli inapotembea. Baada ya Edfu tulikwenda mchana kutwa. Kushoto mitende, kulia miwa, nyuma yake jangwa linaanza ghafla kama mtu kakata kwa kisu. Mimi mtu wa Tanga, upepo nausikiliza. Pale upepo unavuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima, na maji yanateremka kwenda kaskazini. Kwetu kaskazi anaondoka, kusi anakuja, jahazi linasubiri msimu. Mmisri wa kale hakuwa na haja ya kusubiri: kwenda kusini anatweka tanga, kurudi anaachia maji yamchukue. Na ndivyo walivyoandika. Neno la kusafiri kusini linachorwa na mashua iliyotweka tanga, la kaskazini mashua isiyo na tanga. Nilikuwa nimeona vimashua hivyo ukutani siku mbili nzima bila kuelewa. Nimeelewa nikiwa sitahani, shali imenipaa kichwani.

Watu wa Mwanza msijivune sana, ndiyo, maji ya ziwa letu yanatokea Jinja yanafika mpaka kule, lakini sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka milima ya Ethiopia.

Halafu Esna, tuliyoipita kabla ya Edfu. Meli inaingia kwenye chemba ya kuinulia meli, milango inafungwa, maji yanajazwa, inapanda taratibu. Wachuuzi wanakuja na vimashua, wanajifunga kamba kwenye meli na kukurushia nguo ghorofa ya nne! Ukiipenda, unatia hela kwenye mfuko unaurusha chini. Hii kanzu niliyovaa ilinipiga usoni. Kupatana bei Mswahili una nafuu, kwa Kiarabu sita, saba na tisa ni zilezile. Tahadhari na maandishi: duara lao ni 5, nukta ndiyo sifuri. Mie nilisoma 50 nikadhani ni mapambo.

Nchi kavu ndiko kulikonibakisha mdomo wazi. Ng'ambo ya magharibi ya Luxor niliitoroka ratiba, tukakodi teksi watu watatu. Bonde la Wafalme, tiketi ya kawaida inakufungulia makaburi matatu. La Tutankhamun linalipiwa peke yake, ni dogo, ila mwenyewe bado amelala humo. Kisha hekalu la malkia Hatshepsut, Deir el-Bahari. Bahari hapo si bahari yetu, maana yake ni upande wa kaskazini. Lakini ukutani bahari ipo! Wamechonga msafara wake wa kwenda Punt, nchi ya ubani, na chini ya merikebu wamechora viumbe wa Bahari ya Shamu. Nilisogea karibu: ngisi yule, kambakoche yule na sharubu zake, kasa. Miaka karibu 3,500, na ungeweza kumtajia kila mmoja bei yake pale Deep Sea, soko letu la samaki Tanga. Nilikaa dakika arobaini. Hakuna aliyenipigia filimbi.

Abu Simbel mara nyingi haimo kwenye bei, inaongezwa. Ongeza. Mtatoka saa kumi usiku, kilomita 280 kutoka Aswan. Hekalu zima lilikatwa vipande kati ya 1964 na 1968, likapandishwa mita 65 kukwepa maji ya bwawa la Aswan, na mlima ulioko nyuma yake ni wa bandia, ndani yake kuna kuba la zege. Nilitafuta maungio kwenye sanamu za farao Ramses. Yapo, ila uambiwe pa kutazama.

Nikirudi, nitapanda meli Aswan kushuka Luxor, usiku tatu tu, halafu Luxor nilale hotelini siku tatu kwa hela nitakayookoa. Au nichukue dahabiya, ile mashua ya tanga yenye vyumba vichache, inayofunga ukingoni kwenye kijiji badala ya gati. Ni ghali zaidi, ila ukivuta pazia unaona mto. Mwenye uzoefu nayo aniandikie hapo chini, na mseme mlikula nini, maana supu ya dengu ya meli yetu ilikuwa ileile siku zote nne.