Tundu la chaji la gari limekufa: fyuzi mwenyewe au fundi umeme?

Simu haichaji kwenye tundu la gari (lile la kuwashia sigara) na safari ya Dodoma kwenda Singida inakungoja. Ufungue boksi la fyuzi mwenyewe, au umtafute fundi umeme wa magari?

Mimi ningeanza na fyuzi, kila mara. Weka swichi ya ufunguo kwenye ACC (hatua ya kabla ya ON) kwanza, maana kwa magari mengi tundu hilo halipati moto swichi ikiwa imezimwa. Halafu jaribu chaja nyingine. Bado? Zima gari, fungua kifuniko chini ya dashibodi, tafuta herufi CIG au picha ya sigara. Chomoa fyuzi uitazame kwenye mwanga: kiuzi cha ndani kikiwa kimekatika, umempata mchawi. Nyingi ni za ampea 15, rangi ya bluu. Rudishia namba ileile. Ukipachika ya 30 au kipande cha waya, siku nyingine zitaungua waya zenyewe. Na kabla ya kuweka mpya, mulika tochi tunduni: pini ya nywele ikitumbukia humo inatosha kupiga shoti.

Fundi ana gharama na anakula muda, ila ana mita ya kupimia umeme na anajua kufuata waya. Mwite fyuzi mpya ikiungua papo hapo, au fyuzi ikiwa nzima na tundu bado kimya. Huenda waya umechomoka kwa nyuma, au miguso imeshika kutu na vumbi, na vumbi Dodoma tunalo la kugawa. Akitaka kuvuta waya moja kwa moja toka betri bila fyuzi, mkatalie.