Mionzi ya siku tano kwa saratani iliyofika mgongoni: uzoefu wangu

Saratani yangu ilianzia kwenye titi, kisha ikaingia kwenye pingili za mgongo, huku chini kiunoni. Maumivu yake si ya kuchoka. Usiku ndiyo huzidi, nikilala chali ni mateso, na matatu ikipanda tuta pale Jogoo Road nilikuwa nashikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka vidole vinaingia ganzi.

Daktari wa mionzi aliangalia picha za MRI akasema atanipa jumla ya grei 20 (grei ni kipimo cha mionzi), kwa vipindi 5, Jumatatu hadi Ijumaa. Shangazi yangu alikasirika. "Mbona tano tu? Wenzako wanapigwa mwezi mzima. Hawa wamekukatia tamaa!" Najua familia nyingi husema hivyo, kwa hiyo nilimpeleka kliniki aulize mwenyewe.

Jibu lilituridhisha sote. Vile vipindi vingi ni vya pale wanapotaka kuua saratani yote mahali ilipo. Ikishafika mfupani, kwa kawaida kazi ya mionzi ni kutuliza maumivu na kuzuia uvimbe usibane mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Kwa maumivu, hata kipindi kimoja cha grei 8 hufanya kazi sawa na vipindi 10. Tafiti zimerudia jambo hilo mara nyingi. Tofauti ni kwamba kati ya waliopata kimoja, wengi zaidi huhitaji kurudiwa, karibu mtu 1 kati ya 5. "Mama, natarajia atembee na mgongo huu muda mrefu," daktari alimwambia shangazi huku akinionyesha mimi, "ndiyo maana nimechagua tano." Shangazi akanyamaza.

Siku ya kupanga unapigwa picha ya CT na kuchorwa alama ndogo za wino zinazobaki kwenye ngozi. Mionzi yenyewe huisikii: mashine inazunguka, inalia kidogo, dakika chache umemaliza. Shida ni kitanda, kigumu kama ubao. Meza dawa ya maumivu kama nusu saa kabla, na uombe kitu cha kuweka chini ya magoti. Sista mmoja alinikunjia shuka bila hata kuambiwa, Mungu ambariki. Kwa kuwa mionzi yangu ilipita karibu na tumbo, kichefuchefu kilinisumbua, lakini vidonge vilikituliza. Uchovu ulikaa zaidi.

Sasa lalamiko langu. Hospitalini hakuna aliyeniambia kwamba maumivu yanaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Usiku wa kipindi cha pili nililia nikidhani mfupa umevunjika. Kumbe ni jambo la kawaida, humpata kama mtu 1 kati ya 3 katika siku za mwanzo, na kuna dawa, deksamethasoni, inayopunguza uwezekano huo. Iulizie kabla ya kipindi cha kwanza. Kama una kisukari sema mapema, maana dawa hiyo hupandisha sukari. Kumwacha mgonjwa agundue kupanda huko kwa maumivu usiku, peke yake, ni kumwonea.

Nafuu haikuja siku ya mwisho ya mionzi. Ilikuja polepole, na ilipofika wiki ya tatu nilioga nikiwa nimesimama, bila stuli. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, nilipunguziwa taratibu na wahudumu wa tiba shufaa, yaani wanaotuliza maumivu na mateso ya ugonjwa. Usiiache ghafla kwa furaha. Si kila mtu hupata nilichopata: katika watu 10, kama 6 hivi hupata nafuu ya maana. Mimi ningeichagua tena leo hii.

Ila mionzi haimalizi hatari yote. Miguu ikianza kulegea, makalio au sehemu za siri zikiingia ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Nyumbani kwetu jirani mwenye gari anajua hilo, hata iwe saa nane za usiku. Na ukifika, anza kwa kusema una saratani ya mgongo na miguu inalegea. Ukisema tu mgongo unauma, unaweza kudungwa sindano ya maumivu ukarudishwa nyumbani.